Balbu ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nililamba balbu. Mkuu wa Studio alinipa moja, ndogo kama yai la njiwa, akaniambia niguse kitako chake kwa ulimi kabla ya kuichomeka kwenye flashi ya kamera. Nilidhani ananichezea, maana nilikuwa msichana mgeni kutoka Mbololo, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima. Kumbe ndivyo kazi ilivyokuwa. Mate husaidia umeme kupita, hasa pale vumbi jekundu la Voi linapokuwa limeingia kila mahali. Balbu ile ilikuwa na ladha ya chuma baridi, na hadi leo nikinywa maji kwa kikombe cha bati hukiona chumba kile na pazia lake lililochorwa ziwa.

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu huenda hamjui kwamba mwanga ulikuwa kitu cha kutafutwa. Balbu iliwaka mara moja tu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba za chuma zilizosongamana, na betri ikizigusa ziliungua zote kwa pamoja, kisha balbu ikabaki nyeusi na moto wa kubabua vidole. Tuliitoa kwa kitambaa, tukachomeka nyingine. Betri nayo haikuwa ya tochi. Ilikuwa kidude cha volti ishirini na mbili na nusu kilichotujia kwa treni kutoka Mombasa, na kikikosekana tulifunga mlango tukacheza bao.

Mkuu alinifundisha pia kukitazama kitone cha buluu kilichopakwa ndani ya kioo. Kikiwa buluu, balbu ni nzima. Kikigeuka rangi ya waridi, basi hewa imeingia, na balbu ya namna hiyo inaweza kumpasukia mteja usoni. Hatukuwahi kuichomeka ya waridi, hata mteja alie.

Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa shingo. "Tazama hapa! Usigeuke!" aliwakemea maharusi, machifu, hata padri. "Ukigeuza shingo umenilia balbu yangu bure." Watu walikauka. Kisha mwanga ulichanua, mweupe na laini, ukapanda na kushuka bila haraka, na wote wakabaki wakipepesa macho, wakilifuata duara la zambarau lililoelea mbele yao. Niliipenda sana dakika ile. Ilikuwa kama chumba kizima kimeamka kutoka ndoto moja.

Kila mzigo wa balbu ulipofika, Mkuu alitoa moja akaiweka rafuni, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. "Hii ni ya nyumbani," alisema. Ilikuwa ya kuwapiga picha yeye na mkewe, Mama Mghoi, aliyetupikia chai chumba cha nyuma. Wawili hao hawakuwa na picha ya pamoja hata moja. Siku ya harusi yao hakukuwa na mpiga picha mwingine, kwa hiyo bwana harusi alimpiga picha bibi harusi peke yake, akarudi kusimama kanisani. Sasa nilikuwepo mimi wa kubonyeza. Lakini jua likianza kushuka, mtu alibisha hodi: askari anayehamishwa, mama na mtoto aliyetoka kubatizwa. Balbu zimeisha. Mkuu aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Mpe," Mama Mghoi alisema kutoka huko. "Sisi si tupo?"

Na balbu ya nyumbani ikaenda zake.

Baadaye nilipata kazi ya serikali Wundanyi, chini ya Afisa wa Habari aliyevaa tai hata siku za matope. Yeye alitaka nirudishe kila balbu iliyoungua. "Ni mali ya umma, Wakesho," alisema, "hata harufu yake." Nilipanda vilima kwenye ukungu nikiwa na mfuko wa balbu zilizokufa zikigongana, na watoto walinifuata wakidhani nauza mayai. Kutoka hapo nilihamishiwa Taveta, kupiga picha za mifereji na migomba ya Mboghoni. Mkubwa wa huko alinikabidhi flashi mpya isiyohitaji balbu. Ilitoa mwanga mkali, mfupi kama kofi. Niliufurahia, kisha nikaanza kuukosa ule wa zamani, na sikuwa na wa kumwambia.

Nilistaafu, nikarudi Voi. Siku moja Mkuu akaniita. Presha ya macho ilikuwa imemla hadi akabaki na tundu dogo tu la kuonea, na daktari alikuwa amemwambia kwamba hilo nalo linafunga.

"Wajukuu wanataka kutupiga picha kwa simu," akasema. "Simu siioni. Sijui hata kama imepiga. Nitafutie balbu, Wakesho. Nataka ile ya nyumbani kabla tundu hili halijafunga."

"Muache, anakusumbua tu," akasema Mama Mghoi. Lakini kitenge chake kipya kilikuwa tayari kimenyooshwa kitandani.

Flashi ya balbu na kamera yake nilikuwa nazo bado. Betri niliipeleka kwa fundi wa simu karibu na stendi, akaigeuza mkononi akicheka. "Shosho, hii ilikufa kitambo. Ilikuwa volti ngapi?" Nilipomwambia, alitoa betri mbili ndogo za rimoti ya gari. "Hizi ni kumi na mbili kila moja. Unganisha." Nilizifunga kwa kadibodi na karatasi ya fedha ya pakiti ya majani chai, zikaingia sawasawa.

Balbu ndiyo iliyonitoa jasho. Maduka ya Voi hayakujua ninachosema. Mwishowe Mkuu alikumbuka kwamba aliwahi kumuuzia balbu mtafuta madini wa Kishushe, aliyekuwa akipiga picha ndani ya mashimo. Nilipanda pikipiki, nikarushwa njia nzima. Mzee yule alishafariki, ila binti yake alinitolea mkebe akiushika mbali na uso.

"Baba alituambia tukizigusa zitatutoa macho," akasema. "Zibebe zote, mama, nipumue."

Nilizipanga kwenye upande wa kanga. Waridi. Waridi. Waridi tena. Ya chini kabisa, iliyofungwa kwa pamba, ilikuwa buluu.

Tuliketi sebuleni kwao, pazia zimeshushwa. Mkuu aliilamba balbu mwenyewe, taratibu, akanirudishia.

"Kitone?"

"Buluu, Mkuu."

Aliuweka mkono wake begani kwa Mama Mghoi. Baada ya hii hakukuwa na nyingine. "Tazameni hapa!" nikasema, kwa sauti ile ile yake. "Msigeuke!"

Nikabonyeza. Mwanga ukachanua, ukapanda, na ulipokuwa umejaa chumba nilimwona Mkuu akigeuza shingo.

Kisha giza.

"Mama Mghoi," akasema Mkuu, "mvi zote hizi umezipata lini?"

Alicheka mama wa watu, akalia, akampiga paja.

Vijana huniuliza kazi yetu ilikuwa na faida gani, kuhangaika hivyo kwa mwanga wa kufumba na kufumbua. Siku hizi sibishani nao. Ninawapeleka tu kwa Mkuu na kuwaonyesha picha iliyo ukutani: Mama Mghoi anaitazama kamera, amekauka kama alivyoagizwa, na kando yake kuna sikio la mzee na mdomo ulioachama kidogo. Mkuu haoni tena chochote. Kila nikija huniuliza swali lile lile.

"Kwenye picha, mimi natazama wapi?"

"Pembeni, Mkuu."

"Vizuri," husema.