Tumbawe Kwenye Muundi Wangu

Nilivunjika mguu Msata, mchana wa jua kali, nikiwa juu ya lori la mananasi. Nilipanda kuhakikisha matenga yetu ya kutoka Miono hayachanganywi na ya wengine. Nikakanyaga pembeni, tenga likateleza, nami nikaenda nalo mpaka chini. Muundi ulivunjika vipande. Hospitali ya kwanza walinitia chuma, kidonda kikaingia usaha, wakakitoa chuma pamoja na kipande cha mfupa kilichokuwa kimekufa. Nikabaki na pengo ndani ya mguu, upana wa vidole viwili.

Mwaka mzima nilishinda barazani kwa mama, Bagamoyo. Nasikia watoto wakisoma Kurani chuoni, nasikia harufu ya samaki wa kukaanga, nasinzia, naamka, sijui kama ni adhuhuri au alasiri. Mara nyingi niliota natembea njia ya shamba na vumbi halinigusi nyayo.

Mfupa haukuunga. Ndipo tukapelekwa Dar kwa daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama shikamoo, akavuta kiti, akakaa. Kisha akafungua kichupa na kumimina kiganjani vipande vyeupe vyenye vitundu vingi.

"Hivi ni vya kuonyeshea," alisema. "Pengo ni kubwa, mfupa hauwezi kulivuka wenyewe. Tutalijaza vipande kama hivi. Mishipa ya damu itaingia kwanza kwenye vitundu, midogo kuliko uzi. Ikishapeleka damu, mfupa mpya utaota humo humo. Damu isipofika, hivi vitabaki mawe tu."

Mama akauliza lile nililojua atauliza. "Ni mfupa wa mnyama gani, mwanangu? Maana sisi tuna tunachokula na tusichokula."

"Si mfupa, mama. Kimetoka baharini, kikasafishwa kiwandani na kupikwa kwa moto mkali."

Mama akachukua kipande kimoja, akakileta karibu na macho, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Marehemu babu alikuwa akichoma matumbawe kupata chokaa, na mama alikulia kwenye moshi wa tanuri lake.

"Hili tumbawe," alisema taratibu. "Nimelibeba kichwani utoto wangu wote." Akakirudisha kiganjani mwa daktari. "Haya, mtieni."

Walinipasua, wakachota uboho kidogo nyongani, wakauchanganya na vile vipande, wakalijaza pengo. Nikarudi barazani, nikangoja. Kila baada ya sala ya alasiri mama alikuja kuweka kiganja juu ya mguu wangu.

"Imefika wapi?" aliniuliza.

"Imefika katikati," nilimjibu, kana kwamba mishipa ile ni wageni walioko njiani.

Nilikuwa nahisi kijoto kikitambaa ndani, polepole. Nilimweleza daktari. Akasema mishipa midogo kiasi hicho mtu haihisi inapoota. Sikubishana naye. Lakini alasiri, macho yakiwa yamefumbwa, niliiona ikichepuka kutoka kitundu hadi kitundu, myekundu ndani ya ule weupe.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya tatu ilionyesha ukungu wa mfupa mpya upande wa juu, karibu na goti. Upande wa chini ulikataa. Siku ile nililia mbele ya daktari, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Juu damu imefika mapema," alisema. "Chini inachelewa. Usiutupie mguu uzito wote, lakini usiulaze pia. Ukanyage kidogo kidogo."

Nikakanyaga kidogo kidogo, na magongo, kutoka mlangoni hadi uani. Miezi ikapita. Ukungu ukashuka, ukakutana na mfupa wa chini. Mguu umebaki mfupi kidogo, na kiatu kimoja nimekiongezea soli.

Siku niliyoyaacha magongo, mama alikuwa kwa jirani. Niliingia bafuni peke yangu, nikaoga nimesimama. Maji yalipoisha kwenye ndoo, niliendelea kusimama.