Saa ya Shujaa

Kazi ya Hettie Larwood katika studio ya filamu ya Borehamwood, Uingereza, ilikuwa kukumbuka. Filamu hupigwa vipande vipande, pengine mwisho kabla ya mwanzo, na yeye ndiye aliyehakikisha kovu la mwigizaji halihami shavu. Alijivunia kazi hiyo hadi akawa kero. Akienda sinema na dada yake, humharibia utamu wote kwa kumnong'oneza makosa ya wenzake.

Basi wakapiga filamu ya shujaa wa vita, jitu linalodaka mabomu ya Wajerumani kwa mikono mitupu. Kila hadithi ilipobadilishwa, kurasa mpya zilitolewa kwa karatasi za rangi. Asubuhi moja Hettie alipewa za rangi ya waridi, akazikunja na kuzitia mfukoni bila kuzisoma, maana kulikuwa na keki ya kumuaga fundi wa taa, na keki haingoji mtu. Clive Ormerod, mvalishaji, alipomuuliza kama shujaa avae saa katika tukio la siku hiyo, akamjibu avae, mdomo umejaa.

Wiki iliyofuata wakapiga tukio linalotangulia lile katika hadithi: shujaa anavua saa na kumpa rafiki yake anayekata roho. Hettie akazitoa zile kurasa za waridi, akazisoma kwa mara ya kwanza: ndivyo zilivyosema. Kosa akalificha, akajipa moyo kwamba kile kipande cha kwanza kitakatwa.

Hakikukatwa. Watazamaji walimlilia yule rafiki, kisha wakamwona shujaa akitazama saa ileile mkononi mwake, ukumbi ukaangua kicheko. Wakubwa wa studio wakauliza nani alimvalisha saa. Clive akainua mkono mwenyewe. Hettie akakoroga chai yake, naye haweki sukari. Clive hakuitwa tena kazini.

Mwaka uliofuata Hettie alimkuta nje ya duka kubwa, akisukuma vitoroli vya wateja kwenye mvua. Sasa namwambia, alijisemea, liwalo na liwe. Lakini Clive alimwahi.

"Hettie bwana, nimekutafuta sana. Sijui siku ile akili yangu ilikuwa wapi. Wewe hukosei, lazima uliniambia asivae. Nilikuaibisha mbele ya watu."

"Clive, sikiliza..."

"Hapana, niache niseme. Silali vizuri. Nambie tu kama umenisamehe."

Alimtazama kwa macho mekundu ya mtu anayengoja hukumu. Ukweli ulikuwa pale pale ulimini mwa Hettie.

"Nimekusamehe," akasema.

Clive akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.