Shikamoo ya langoni

Juzi nilikuwa nachaji simu kwenye banda la gemu Kariakoo. Vijana wawili walikuwa wamekwama kwenye gemu: mlinzi mzee wa lango anawaua kila wakimkaribia. Mara umeme ukakatika. Dada mwenye banda akachukua dadu ya ludo.

"Tuendelee kwa mdomo. Mlinzi ni mimi, dadu ndiyo itaamua. Mnafanyaje?"

Mmoja akasema, "Tunamsalimia. Shikamoo, mzee."

Dada akarusha dadu, ikaja sita. "Marahaba, wanangu. Piteni."

Kijana akaonyesha skrini iliyozimika. "Kumbe. Kule kuna kitufe cha upanga na cha kukimbia tu."

Umeme uliporudi, mlinzi wa kwenye skrini alikuwa palepale na rungu lake. Picha kali, sibishi, ila huyo hakufunzwa na mamaye. Vijana hawakugeuka kumtazama. Walishapita langoni.