Jembe Nililoagiza Lifichwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Sumbawanga, sikukabidhiwa mashine wala mafuta ya kuchua. Mkuu wa Idara ya Fiziotherapia, mama mfupi mkali kweli kweli, alinipa kipande cha chaki.

"Chora mistari sakafuni, hatua kwa hatua," akaniamuru. "Halafu tazama."

Aliingizwa mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaoua polepole seli za ubongo zinazoongoza mwendo. Mkono ulitetemeka, uso umekakamaa, na pale mlangoni miguu ikaganda. Kuganda ni neno letu la kazi: mtu anataka kwenda, miguu inakataa. Lakini alipoiona mistari akaivuka mmoja, wa pili, wa tatu. Nilibaki mdomo wazi.

"Mgonjwa wa namna hii ukimkalisha umemmaliza," mkuu wangu akasema. "Atembee, alime, aote jua."

Jua alilitaja kwa ajili ya vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na mwanga wake. Huimarisha mifupa, na wapo wataalamu wanaodhani huenda inaukinga ubongo pia, ingawa hawajakubaliana. Kuhusu mazoezi wana uhakika zaidi: wanaojishughulisha huelekea kuupata ugonjwa huu kwa uchache, na walioupata hukaa na nguvu zao muda mrefu zaidi. Baridi ya Ufipa huwafungia wazee jikoni na mablanketi, kwa hiyo wimbo huo niliuimba kila nilikopangiwa. Nilihamishiwa bondeni Mtowisa, nikarudishwa mjini, na kliniki za kutembelea vijiji zikanifikisha Mwimbi. Kote huko niliwagombeza watoto wa wagonjwa: "Msimnyang'anye mzee jembe!" Wakaniita Mama Jembe, nami nikalipenda jina hilo.

Kisha baba yangu, mkulima wa Mwazye, akaanza kutetemeka. Alikuwa fundi wa ntumba, vile vilima vyetu vya kufukia nyasi ili zioze na kurutubisha shamba. Daktari alithibitisha ugonjwa, akampa dawa. La kufanya nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Lakini Jumapili moja, tulipotoka kanisani, mama mmoja jirani aliniuliza mbele za watu, "Wewe una kazi mjini, na baba yako bado analima na mkono ule?"

Aibu ikanishika. Nilimwambia Deusi, mdogo wangu aliyekuwa akiishi na baba, "Lifiche jembe. Mzee apumzike." Nikamnunulia baba koti zito na kiti cha kuegemea, nikarudi kazini roho kwatu.

Niliporudi baada ya mavuno, jua lilikuwa linawaka uani. Baba alikuwa chumbani, koti limefungwa hadi shingoni. Nilimwita atoke. Alijikokota hadi kizingitini, akaganda.

"Shambani alikuwa hagandi, dada," Deusi akasema taratibu. "Alikuwa anavuka ntumba moja baada ya nyingine, vizuri tu. Kila asubuhi ananiuliza jembe. Namwambia dada kakataza."

Zile ntumba ndizo zilizokuwa mistari yake, na ni mimi niliyemwondoa huko. Nilitoa chaki mkobani, nikachora mstari pale kizingitini. Baba aliutazama tu. Miguu ilikuwa imekonda, nguvu zimekwisha.

"Mwanangu," akasema kwa sauti iliyofifia, "wagonjwa wako unawatembeza. Mimi umenikalisha."

Wiki chache baadaye nimonia, ambayo huwawahi wasiotembea, ilimchukua. Tulimzika kabla ya mvua za kupandia.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, siwezi kuwaapia kwamba jua na jembe vingemponya, maana ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuumaliza. Lakini muda aliobakiza angeutumia shambani kwake, si kwenye kiti changu. Nilimwonea aibu baba yangu kwa jambo nililowasifia baba za watu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, vijana wa idara walinipa jembe jipya lililofungwa utepe. "Mama Jembe! Mama Jembe!" wakaimba huku wakipiga makofi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikalia mbele yao wote. Wakanibembeleza, wakidhani nalilia kazi.