Siku ya Kenya Iliposhuka

Pale Mhezi, kijijini milimani, mtu akishuka Same sokoni, majirani humwagiza chumvi, betri au dawa ya mbuzi. Bi Eliakunda alikuwa na agizo lake moja: "Niulizie shilingi ya Kenya ni ngapi leo." Vijana walimpa jina, Benki Kuu, naye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Ndani ya nyumba yake hamkuwa na noti ya Kenya hata moja. Alichokuwa nacho Kenya ni mtoto.

Alipokuwa binti mdogo shilingi ilikuwa ileile pande zote. Baba yake alifanya kazi bandarini Mombasa, akirudi na hela zake mfukoni, ananunua sukari Same bila mtu kumwuliza neno. Baadaye kila nchi ikatengeneza noti zake, mpaka ukafungwa miaka kadhaa, na ulipofunguliwa ya Kenya ilikuwa imeanza kupanda mlima huku ya kwetu imekaa chini kupumzika. Eliakunda alipomzika mumewe, Zephania, moja ya Kenya ilikuwa nane za kwetu. Mwanawe wa pekee, Tumainieli, alipovuka kwenda kuvunja mawe Voi, ilikuwa kumi na moja.

"Sasa nirudi lini, mama?" kijana aliuliza asubuhi ya kuondoka, kama mtu anayetumwa dukani.

"Ikishuka, rudi. Sasa hivi iko juu, tuitumie."

Lilikuwa neno la akili, na kwa kweli lilijenga. Nyumba ikapata bati, zizi likapata ng'ombe wa maziwa. Ya Kenya ikafika kumi na saba, ikafika ishirini, ikapita. Tumainieli alikuwa akipiga simu na kusema amechoka, vumbi la mawe limemkaa kifuani, anataka kuja kulima tangawizi na mama yake. Mama alimjibu, "Iko ishirini na moja, mwanangu. Nani anashuka mtini matunda yakiwa yameiva?" Mtoto alicheka, akakohoa, akabaki. Msimdhanie mama huyu vibaya, hakuwa na uchu wa hela. Aliogopa tu mwanawe asirudi kwenye ule ufukara aliokulia. Ikafika wakati Tumainieli hakuomba tena, akawa anauliza mwenyewe, "Bado iko juu?"

Kisha ikaanza kuteremka, na kufika mwisho wa mwaka 2023 ikawa inaporomoka. Kumi na nane, kumi na saba, na mwezi wa kwanza ikawa haifiki hata kumi na sita. Eliakunda alitandika kitanda kwa shuka mpya, ndipo akapiga simu.

"Tumaini, imeshuka. Njoo sasa."

"Kweli, mama?" Sauti ilikuwa nyembamba. "Imeshuka sana?"

"Sana. Sina tena la kukuzuia."

"Nikipata nguvu kidogo, nakuja."

Hakuzipata. Wiki haikuisha, mwenzake wa machimboni akapiga simu kusema Tumainieli amefia hospitalini, kifua kimemshinda. Kulikuwa na malipo ya matibabu, ya chumba cha maiti na ya gari, yote kwa shilingi za Kenya. Lakini kwa Wapare mtu haachwi ugenini kama kwao kupo. Mahali pake palikuwa nyuma ya migomba, ubavuni mwa Zephania, na mama yake alisema atamleta hapo hata kama itambidi auze bati juu ya kichwa chake.

Tangawizi yake ilikuwa bado changa ardhini. Wazee wakapuliza baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, na kijiji kizima kikateremka shambani na majembe. Wakachimba mpaka mche wa mwisho, wakala makande wamesimama, wakabeba magunia hadi barabarani. Vijana waliomwita Benki Kuu walibeba bila kuinua macho. Eliakunda alikaa kizingitini akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tangawizi changa haina bei, ikauzwa kwa kilichopatikana. Njiani kwenda mpakani Holili, Fredrick, mtoto wa mdogo wake, alishindwa kujizuia.

"Mama mkubwa, hizi hela hazitatosha."

"Twende," alisema Eliakunda.

Mbadilisha fedha aliyewapokea aliitwa Isihaka, kijana mchangamfu. "Shikamoo, mama. Za Kenya?"

"Marahaba. Za Kenya."

Isihaka akapiga hesabu kwenye simu, akahesabu noti, Fredrick akahesabu tena. Zilitosha. Kwa bei ile ya ishirini na moja zisingetosha hata hospitali na chumba cha maiti. Sasa zilitosha vyote, zikabaki na za kununua jeneza.

"Una bahati, mama," alisema Isihaka, ambaye hakujua kitu. "Miaka mingi haijashuka hivi. Umengoja, umengoja, umekuja siku yenyewe hasa."

Eliakunda alizifunga noti kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo.

"Nilimwambia mwanangu arudi ikishuka," alisema. "Ameshika neno langu. Anarudi leo."

"Basi mpokeeni vizuri," alisema Isihaka kwa furaha, akamgeukia mteja mwingine.

Fredrick alimshika mama yake mkubwa mkono, wakavuka kwenda kumchukua.