Maneno Matano ya Mama

"Ukimwambia, umemuua," alisema kaka mtu, akakisukuma kikombe mbali kana kwamba chai ndiyo iliyoleta habari.

Dada mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yao, mbele ya cherehani, amekumbatia mkoba wa utafiti kama abiria aliyegundua kuwa jirani yake ni mwizi.

"Na nisipomwambia?"

"Ataendelea kuishi. Anakula, anacheka, anatusema. Ni wewe, Profesa Kesho, uliyetoka huko na makaratasi yako unataka kumgawia mtu mzima ugonjwa."

Jina hilo alilitunga yeye kaka. Kila mdogo wake akiulizwa shahada ya uzamili itakwisha lini, hujibu kesho, na kesho hiyo ilikuwa imeshatimiza miaka mitatu na kuota magego. Kaka mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu. Watu walisema anaweza kusikia jokofu likikohoa mtaa wa tatu, akabeba spana zake kabla mwenye nyumba hajajua kuwa maziwa yameganda vibaya. Masikio ya namna hiyo, na mama yake mzazi anaugua chumba cha pili asisikie. Au ndivyo dada alivyodhani mchana ule.

Dada huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee kwa miaka kumi na minane. Aligeuza migongo mingi kitandani, hata angeambiwa aihesabu angemaliza akiwa mzee yeye. Lakini kilichomtoa wodini hakikuwa uchovu wa mgongo. Ilikuwa sentensi moja. Kila mgonjwa aliyeletwa akiwa hamjui tena mkewe, ukiwauliza watoto lini ilianza, walitazamana, wakasema walidhani ni uzee tu. Aliisikia hadi akaanza kuisikia bombani akinawa mikono. Basi akiwa na miaka arobaini na mmoja akanunua miwani, akarudi shule kuusoma huo uzee tu.

Ofisi waliyompa ilikuwa stoo ya mifagio, na hadi leo inanuka dawa ya sakafu. Humo aliwapima wazee mia na ishirini. Mzee hutembea mita nne huku anahesabiwa sekunde, huinuka kitini mara tano bila kushika popote, hubana kishikio kinachopima nguvu za kiganja, huchora saa. Mwisho husomewa maneno matano, hupigishwa soga kidogo, kisha huulizwa yale maneno yalikuwa yapi. Baada ya mwaka, hupimwa tena. Humo stoo, kati ya ndoo mbili, aliwaambia watoto wa watu mambo ambayo mtu hataki kuambiwa hata akiwa amekaa kwenye kochi la mfalme. Sauti yake haikutetemeka hata siku moja.

Kabla hajaanza, msimamizi wake alimwambia ajizoeze mpaka ulimi usijikwae. Angejizoeza kwa nani kama si kwa mama? Kila Jumapili baada ya kula, mama alijifuta mikono, akasogeza kiti, akakaa kama jaji. Maneno yalikuwa kufuli, mbuzi, limau, ngazi, blanketi. Mama aliyarudisha yote matano. Jumapili iliyofuata, matano. Ilifika mahali akawa anayataja kabla hajasomewa, na wateja waliokuja kupunguziwa suruali waliondoka wameshasomewa kufuli na mbuzi bila kuomba. Mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha darasa alitangaza mtaa mzima kwamba anafanya mtihani wa chuo kikuu na hajafeli hata mmoja.

Bintiye akalala usingizi mzuri mwaka mzima. Hapo ndipo palipomuuma. Orodha ilikuwa ileile, Jumapili hadi Jumapili. Hata kasuku angepata tano kwa tano. Muuguzi wa miaka kumi na minane alikuwa amempima mama yake kwa wimbo aliomfundisha mwenyewe, kisha akashangilia alivyouimba.

Duru ya pili ilipofika, utaratibu ulidai orodha mpya. Jumapili iliyopita alimsomea mama maneno mapya matano, wakapiga soga juu ya gauni la bi harusi wa jirani, kisha akamwuliza. Mama akatabasamu hadi magegoni. Kufuli, mbuzi, limau, ngazi, blanketi.

"Siyo hayo, mama. Ya leo."

"Ya leo yapi?"

"Niliyokusomea sasa hivi."

"Hujanisomea kitu, mwanangu."

Binti aliutafuta utani usoni pale, maana mama yake aliwahi kumfanya mgeni aamini kwamba cherehani hii ilishona pazia la mbinguni. Aliutafuta machoni, kwenye pembe za mdomo. Haukuwepo. Akampa karatasi achore saa, na namba zote kumi na mbili zikasongamana upande mmoja, kama kuku waliosikia mwewe. Mama akacheka, akasema ule upande mtupu wa saa hauna kazi, ameupa likizo. Binti akacheka naye. Alirudia Jumatano. Akarudia leo asubuhi.

Haya yote alimweleza kaka yake mara tu mama alipotoka kwenda kununua uzi mweusi duka la pembeni. Na kaka, baada ya kusikiliza, akaitoa sentensi ileile ya wodini.

"Ni uzee tu, mdogo wangu."

Dada alimwambia kaka yake, kwa sauti ya chini, kwamba huenda ni tezi ya shingo, huenda ni upungufu wa damu, huenda ni vidonge vya presha vinavyogombana tumboni, na hayo yana tiba yakiwahiwa. Huenda pia si hayo. Kuna daktari Jumatatu saa mbili asubuhi. Lakini hawezi kumpeleka mama kwa daktari kama anayepeleka mbuzi sokoni, bila kumwambia anakwenda wapi. Akamkumbusha kaka bibi yao alivyougua, watu wakinong'ona juu ya kichwa chake, na mama akaapa kwamba wanawe wakija kumfanyia vile atawalaani mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa.

"Wa kwanza ni wewe," alisema.

Kaka hakucheka. Alitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena.

"Unasubiri nini humo?"

"Hakuna."

"Kaka. Mama ametoka saa ngapi?"

Wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Duka la pembeni ni hatua hamsini, na kwa miguu ya mama, sitini. Dakika arobaini na tano zilikuwa zimepita. Nje pikipiki ilipita, mtoto wa jirani akaitwa akaoge.

"Huwa ananipigia," alisema kaka.

"Nani?"

"Mama. Hii ingekuwa mara ya nne. Hasemi kwamba amepotea. Ananitegea kama kitendawili. Ananiuliza, wewe fundi, ungekuwa umesimama mbele ya duka la rangi, ungepita wapi ufike nyumbani? Namwambia pita kushoto, fuata ukuta wa shule. Ananiambia umepata, kisha anakata."

Mkoba ulimteleza dada magotini. Hakuuokota.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na ukanyamaza."

"Alinikataza. Alisema usiambiwe wewe hasa." Kaka aliigeuza simu tena. "Alisema wewe utaandika."

Basi mama alijua. Miezi yote hiyo alikaa kwenye kile kiti Jumapili, anaogopa, anaimba maneno yake matano, na aliyemwogopa alikuwa bintiye mwenye kalamu. Dada aliona aibu pamoja na hofu. Akainuka. Akasema wamtafute sasa hivi, yeye apite njia ya shule na kaka apite ya duka la rangi, na wakimpata hataandika kitu, atamshika mkono tu na kumwambia kwamba—

Mlango ukasukumwa. Mama aliingia, kitambaa cha kichwa kimelegea, jasho likimchuruzika mashavuni, vumbi limempanda hadi magotini. Mikono yake ilikuwa mitupu, bila uzi. Alimtazama mwanawe, akamtazama bintiye aliyesimama mdomo wazi, akautazama mkoba sakafuni.

"Foleni," alisema, kabla hajaulizwa. "Dukani leo kuna foleni."