Waliomchimbia Baba kaburi, ndio natakiwa kuwaandika hawakuwepo

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Admini nifichie jina, maana wa kwetu wengi wamo humu na hawachelewi kunijua.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, nina mtoto mmoja, naishi na wazazi wangu kijiji cha barabarani huku Masasi. Sasa niseme naishi na mama tu. Kijijini kwetu linajengwa ghala la korosho, na kazi yangu pale saiti ni kuhesabu watu. Kila asubuhi napita kwa mafundi, kwa wachanganya zege, kwa wabeba tofali, halafu naingiza jumla ya siku kwenye programu ya ratiba ya mradi. Mabosi wako Dar, wanaangalia kwenye kompyuta zao. Watu wakiwa pungufu kuliko ratiba inavyotaka, siku inageuka nyekundu.

Mwanzoni vibarua wote walikuwa wa kwetu. Akafariki mzee mmoja wa hapa. Nyie mnajua, huku msiba hauombewi ruhusa. Watu waliweka koleo chini wakaenda kuchimba kaburi, kesho yake wakashinda matangani. Nikaingiza nilichokiona: mlinzi na mpishi. Pembeni nikaandika kuna msiba, lakini nani alisoma? Wiki iliyofuata wakaambiwa wasirudi, wakaletwa vijana kutoka bara.

Weee, kijiji kikanigeukia! Jirani yetu Mama Hamisi, ambaye mumewe alikuwa kwenye zege, alinisimamisha bombani mbele za watu. "Umezima jiko langu. Ulishindwa nini kuandika wapo?" Na mimi mdomo wangu hauna breki, nikamjibu, "Silipwi kuandika uongo!" Tangu siku hiyo salamu zikakatika, hata mama yangu akawa haitikiwi.

Wiki mbili zilizopita Baba akafariki. Aliumwa muda mrefu, lakini kifo hakizoeleki jamani. Tukatangaza msikitini. Ndugu wa Newala walikuwa bado njiani. Wanaume wa kijiji walikuja, ila wakakaa ng'ambo ya barabara kwenye mikorosho, hakuna aliyeshika jembe. Baba yangu! Mtu ambaye hapa hapakuwahi kuchimbwa kaburi yeye asiwepo. Mama alikaa mlangoni anawatazama tu, hata kulia hawezi. Iliniuma kuliko kifo chenyewe.

Mara wakatokea wale vijana wa bara na koleo za saiti, buti zimeganda saruji. Mkubwa wao akachutama mbele ya mama. "Shikamoo mama. Tuonyesheni pa kuchimba." Mama akanyoosha mkono kuwaonyesha. Wakachimba, wakabeba jeneza, Baba akasitiriwa. Hakuna aliyewatuma wala hawakuomba ruhusa kwa mtu. Saiti siku ile ilibaki tupu.

Siku nilizokuwa msibani mlinzi alinihesabia, ila ile ya maziko ilibaki wazi. Juzi nimerudi kazini, bosi kapiga simu. Hata pole hakunipa. "Siku ile mbona haina jumla? Ijaze kabla ya Ijumaa."

Nikiandika ukweli, vijana wale watafukuzwa kama walivyofukuzwa wa kwetu. Nikiandika walikuwepo, kijiji kitaona wamebaki kazini, na Mama Hamisi ataniuliza kwa haki yake kabisa, "Kumbe unaweza? Kwetu sisi ulishindwa nini?"

Mama anasema, "Waliomzika baba yako usiwaguse." Mama huyo huyo anataka kabla ya arobaini nipite nyumba kwa nyumba kuomba radhi, ili na sisi tupate watu. Nitaanzia mlango gani na maneno gani?

Nafungua ile siku kwenye kompyuta, naona machozi tu, naifunga. Ndugu zangu, kesho ni Ijumaa. Niandike watu wangapi?